Shule ilihama, bati likabaki: kisa cha mji mdogo juu ya uwanda wa Makonde

Kisa chenyewe kiko hivi. Kuna mji mdogo juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, kati ya Tandahimba na Newala, jina nalibana kwa sababu wenyewe bado wana mambo mezani na halmashauri yao na sitaki niwaharibie. Ulikuwa na shule ya msingi ya zamani: majengo mawili ya madarasa, ofisi ya mwalimu mkuu, uwanja wa mpira na miembe. Hela za BOOST, ule mradi wa serikali wa kuboresha shule za msingi, zikaja, shule mpya ikajengwa karibu na barabara kubwa, watoto wakahamia huko, ile ya zamani ikafungwa. Madawati yalibebwa kihalali, milango ilibebwa usiku, mbuzi wakaingia kulala.

Najua mtu atauliza shule inafungwaje Tanzania wakati watoto wamejaa mpaka wanakaa chini, hasa toka elimu bila ada ilivyoanza 2016. Ni kweli, watoto hawajaisha. Kilichoisha ni majengo. Shule nyingi za huku zilisimama kipindi cha Operesheni Vijiji 1974, watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na ile UPE (elimu ya msingi kwa wote) ya 1977, wananchi wenyewe wakifyatua tofali za udongo na kuzichoma, msingi mfupi, saruji ya kuhesabu kwa kijiko, kwa hiyo leo kuta zina nyufa za kupitisha mkono na mradi ukija wahandisi wanaona nafuu kuanza upya kiwanja kingine kuliko kubembeleza za zamani. Ndo maana jengo linabaki, halibomolewi, maana kubomoa nako kunataka bajeti, na halitumiki, maana hamna mwenye kuamua.

Mie upande wa mama ni hapo, kwa hiyo nilikuwepo kwenye vikao vingi vya hili jambo na vingine nilisimuliwa na wajomba. Naandika kwa sababu nimeona watu wakilitaja kama mfano wa "jengo lililofufua mji" na wengine wanataka kuiga, wanakuja wanapiga picha fremu za biashara zilizomo humo sasa, wanapiga picha mafundi cherehani, wanaondoka. Wanapiga picha kitu sicho.

Kwanza uelewe mji wenyewe ulikuwa umelala kwa nini. Hela ya huku ni korosho, na korosho ina msimu, minada inaanza Oktoba na kufikia mwisho wa mwaka mambo makubwa yameisha. Zamani mnunuzi alikuja na hela mkononi, alikudhulumu kwenye mzani lakini hela ulizila hapo hapo. Toka stakabadhi ghalani ianze 2007 mzigo unapita AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unaenda ghala kuu, unauzwa mnadani, hela inaingia benki. Mfumo una faida zake, bei imepanda na mkulima ana cha kudai, mie si mmoja wa wanaoutukana. Ila benki ziko wapi? Newala, Tandahimba, Masasi. Mtu anapanda bodaboda au Noah anafuata hela yake, na akishafika na hela mfukoni anafanyaje, ananunua huko huko bati, godoro, simu, vitenge vya mama, anakula chipsi kuku, anarudi na mabaki, na mabaki ndo yanalipa madeni ya dukani kwa Mangi. Mwezi wa pili mji umenyamaza. Ukiongezea misimu ya vurugu kama ule wa 2018, pale wanunuzi walipogoma na Rais Magufuli akatuma jeshi libebe korosho kwa 3,300 kilo halafu wengine wakasubiri malipo na uhakiki mpaka wakachoka, utaelewa kwa nini vijana wa huku wanaijua Kariakoo kuliko Newala.

Sasa na lami inakuja, ile ya Mnivata kwenda Newala mpaka Masasi, kilomita 160. Watu wanashangilia, na mimi nashangilia maana vumbi lile limetumaliza, lakini lami kwa mji mdogo ni jambo la kuangalia mara mbili: hela iliyokuwa inachelewa kutoka kwa sababu ya mashimo sasa itatoka fasta.

Tatizo la pili ni maji. Uwanda uko juu, maji yako chini bondeni kabisa. Toka enzi za mkoloni, miaka ya 1950, kuna mradi wa maji wa Makonde unaosukuma maji kwa pampu kupanda mlima, umekarabatiwa sijui mara ngapi, na watu nao wamezaliana sana, kwa hiyo bomba linatoa kwa mgao na mgao wenyewe una mgao wake. Ikifika Septemba, Oktoba, dumu la lita 20 linabebwa kwa baiskeli na pikipiki na bei inapanda kila wiki. Mwanamke anayeshindwa kununua anateremka bonde alfajiri. Ukiwahi kusimama pale Shimo la Mungu Newala ukaangalia chini utaelewa kuteremka bonde maana yake nini.

Turudi shuleni. Mkutano mkuu wa kijiji wa kuamua jengo lifanywe nini ulikuwa kelele tupu. Kila mtu alikuja na jengo lake kichwani. Diwani alitaka kituo cha afya, akaambiwa kituo cha afya kina ramani yake ya serikali na darasa haligeuki wodi kwa kupakwa rangi. Viongozi wa AMCOS walitaka ghala, lakini ghala la kupokea korosho linataka leseni, sakafu isiyopitisha unyevu, mlango wa kuingiza lori, na hapo mlango wenyewe mtu mnene anapita kiubavu. Vijana wakataka banda umiza la mpira. Mzee mmoja msomi, anakaa Mtwara mjini, alikuja na andiko la mradi la chuo cha ufundi, kurasa nyingi, limepigwa chapa vizuri, ndani hamna sehemu inayosema mwalimu atalipwa na nani na umeme wa njia tatu utavutwa kutoka wapi. Kusema kweli lile andiko lilipigiwa makofi kuliko yote.

Bibi mmoja mwishoni akasimama, akaomba radhi kwa wakubwa, akasema, "Nyie mnagombea vyumba, mie nimetazama bati. Bati lote lile mvua inamwagika bure, halafu nanunua dumu."

Watu walicheka. Mwenyekiti akampa shikamoo ya kumkalisha chini na kikao kikaendelea. Ila ukipiga hesabu yake, bibi ndo alikuwa mtu pekee mkutanoni aliyeleta mradi unaotekelezeka. Mvua ya milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, haina ubishi. Kati ya yale majengo mawili, lile lenye nafuu lina bati kama mita 27 kwa 8 ukihesabu na baraza, yaani mita za mraba 216. Uwandani mvua inanyesha karibu milimita 1,000 kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili hivi. Toa inayoruka, inayovuja na inayokauka, chukua asilimia 80, unabaki na zaidi ya lita 170,000, dumu zaidi ya 8,500, kutoka jengo moja bovu lisilo na milango. Watu majumbani wanavuna mvua miaka yote, wengi wamechimba visima vya saruji uani, ila nyumba ya kawaida bati lake ni dogo na kisima chake kidogo. Pale kijijini hapakuwa na bati kubwa kuliko la shule ukiondoa msikiti, na msikiti nao maji yake yana wenyewe wa kutawadha.

Na tanki lilikuwepo! Mfadhili fulani wa zamani alichimbia shule tanki la zege chini ya ardhi, mita tano kwa sita, kina mita tatu, likapata ufa, walimu wakaliacha, likawa shimo la kutupia karatasi. Nilimuuliza mjomba wangu mmoja, fundi uashi wa siku nyingi, "Mjomba, hili linapona?" Akashuka na ngazi, akagonga gonga kuta kwa nyundo, akapanda. "Linapona mpwa wangu, ufa uko pembeni, sakafu nzima. Wasije wakakudanganya tu kupaka juu juu."

Walichofanya: ufa ukachimbuliwa ukapanuliwa kama herufi V, ukajazwa zege la mchanga lenye saruji nyingi, kuta zote zikapigwa plasta upya tabaka mbili, juu yake niru (uji wa saruji), halafu likamwagiliwa maji siku saba lisikauke kwa pupa. Mifereji ya bati mipya, na upande mmoja bomba la plastiki la inchi nne lililopasuliwa katikati, kwa sababu hela iliishia hapo. Mfuniko na kufuli.

Hela ilitoka wapi, hapa nakaa kidogo maana wengi wanaoiga wanaruka hii hatua wanaenda kutafuta mzungu. Ilitoka kwenye korosho yenyewe. AMCOS kwenye mkutano mkuu wake inaweza kukubaliana makato kwa kilo kwa ajili ya jambo la maendeleo, na ikiwa wanachama wamepiga kura na muhtasari umeandikwa, mkulima halalamiki sana maana hela hiyo hajaishika. Hesabu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: chama kikiuza tani 500, shilingi kumi kwa kilo ni milioni tano. Tanki, mifereji na kufuli havihitaji hata kelele kwenye kiwango hicho. Mkulima aliyekuwa na kilo mia tatu alichangia elfu tatu, bei ya dumu chache tu za mwezi wa kumi.

Kuna kitu kimoja cha huku huku ambacho mtu wa kitabu asingekijua. Kuanzia Juni mpaka Agosti, Septemba, watu wanapulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu unaoharibu maua, na salfa ya unga haichagui, inatua kwenye majani, kwenye nguo zilizoanikwa, na kwenye bati. Mvua ya kwanza ikinyesha inakuja na salfa yote, vumbi, na mavi ya kunguru. Kwa hiyo bomba la kushusha maji likawekewa kipande cha kuchomoa: mvua za mwanzo zinamwagwa nje mpaka bati liwe safi, ndo linaunganishwa. Mama aliyepewa kazi hiyo ni mkali balaa, mwaka wa kwanza walimpigia kelele eti anamwaga riziki, akawaambia anayetaka kunywa salfa alete kikombe.

Basi maji yakapatikana. Si ya kutosha mji mzima, msidanganyike, tanki la lita 90,000 linajaa kwenye masika na likianza kuuzwa kiangazi kwa ndoo mbili mbili kwa kaya linavuta miezi kadhaa tu, halifiki mwisho wa kiangazi. Lakini angalia kilichotokea baada ya hapo, maana hakuna aliyekipanga.

Wanawake walikuwa wanafika saa kumi na mbili kamili wanapanga ndoo. Palipo na foleni pana njaa, akatokea mama mmoja na uji na vitumbua. Akaja wa pili na chapati. Kijana akafungua kuchaji simu na kurusha hela, kwenye ofisi ya mwalimu mkuu. Gulio la Jumamosi lililokuwa linafanyika kwa kujibanza barabarani likasogea lenyewe uwanjani, kivuli kipo, maji yapo, hamna mtu aliyetoa amri. Hapo ndo vyumba vikaanza kutafutwa. Fremu ya kwanza hakupewa mtu wa kubembelezwa, aliomba mwenyewe, fundi wa mashine za kupulizia. Huyu naona ndo alikuwa na akili kuliko sisi wote: mashine za salfa zinakufa zote kwa mpigo mwezi wa sita, plagi, kabureta, ringi, na zilikuwa zinapelekwa Masasi au Newala, nauli ya mashine na nauli ya mtu, na ukikaa siku nne bila kupulizia maua yanaungua na ubwiri. Sasa wanazileta kwake, wanasubiri wakinywa chai, wanaondoka nayo. Hela iliyokuwa inapanda Noah ikabaki. Wakafuata mafundi cherehani watatu, wakaungana chumba kimoja. Akaja kinyozi. Kodi yenyewe ya fremu ni ndogo, ukilinganisha na Masasi ni kama bure.

Kwa hiyo ukiniuliza nini kilifufua pale, sitakujibu jengo. Foleni ya ndoo ilitangulia, fremu zikafuata foleni. Ungeanza na fremu ungekuwa na fremu tupu, tena zenye rangi mpya.

Kuna wajapani nao wana kisa cha namna hii, kwao ndo kweli watoto wameisha, kila mwaka wanafunga shule mia kadhaa. Mji mmoja wa wavuvi unaitwa Muroto, mkoa wa Kochi, shule yao ya msingi iliyofungwa waliigeuza nyumba ya kuonyesha samaki mwaka 2018, bwawa la kuogelea la wanafunzi ndani wakaweka kasa na papa. Samaki hawakununua, ni wale wanaonaswa kwenye nyavu za wavuvi wa hapo hapo. Nilichokipenda ni hicho, hawakuuliza jengo linafaa nini, waliangalia nini kinapita mikononi mwao kila siku. Kwetu kilichokuwa kinapita ni dumu na mashine ya salfa.

Wanaotutajia Mikindani, lile boma la Wajerumani la 1895 lililogeuzwa hoteli, nawaambia ni jambo zuri lakini halifanani. Mikindani ni kilomita chache tu toka Mtwara mjini, ina bahari, na ina jina lililoandikwa vitabuni toka Livingstone aanzie hapo safari yake ya mwisho 1866. Sisi tuna bati na ubwiri unga. Mfano wetu wa karibu zaidi ungekuwa vile viwanda vya kubangua korosho vya miaka ya 1970, mkopo wa Benki ya Dunia, mashine za Italia na za Japani, vikasimama Mtwara, Lindi, Newala, Masasi, Nachingwea, halafu korosho ikaporomoka, kutoka zaidi ya tani 140,000 msimu wa 1973/74 mpaka chini ya 20,000 kwenye miaka ya themanini, bei mbovu, watu wamehamishwa wameacha mikorosho yao, ubwiri unga juu. Mashine zikalala. Baadaye majengo yakabinafsishwa na mengi yakaishia kuwa maghala. Pale walianza na jengo na mashine, kile cha kupitia humo kikaisha.

Na kubangua ndo kitu kilichofeli pia kwenye kisa chetu, nisije nikaonekana nasifia tu. Darasa moja lilipewa kikundi cha akina mama wabangue. Kila aliyekuja kutoka juu alikipenda hicho kikundi kuliko fundi wa mashine, maana "kuongeza thamani" ni neno tamu kwenye ripoti. Walipata mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri wanayokopeshwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, kabla haijasitishwa kwa muda 2023, wakanunua vikatio na jiko. Tatizo lilikuwa korosho ghafi. Jirani yako ana korosho, wewe una hela, na hamuwezi kuuziana, maana nje ya AMCOS hiyo ni kangomba na unakamatwa. Mnadani nako hushindani na mtu anayechukua tani mia kupeleka India au Vietnam. Wakawa wanabangua za mashamba yao tu, zikaisha Januari. Halafu kilo moja ya korosho zilizobanguliwa inakula kilo nne na zaidi za ghafi, zikivunjika bei inaanguka, na mafuta ya ganda yanaunguza vidole. Mkopo wamerudisha kwa jasho, wengine kwa kuuza vitumbua pale pale nje kwenye foleni. Chumba kimebaki na jiko na kufuli.

Sasa ile sehemu isiyopendeza, ya umiliki. Shule ni mali ya halmashauri, si ya kijiji, hata kama tofali alifyatua babu yako. Kubadili matumizi lazima muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji upande kamati ya maendeleo ya kata, uende kwa mkurugenzi, uingie Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, ndo baraza la madiwani. Barua ilichukua muda mrefu kuliko tanki. Wakati inazunguka wao walishaanza kuteka maji, na kusema kweli wangesubiri wasingepata. Ruhusa ilivyotoka ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, kijiji kinasimamia na kukarabati, halmashauri inabaki mwenye mali. Alipoona fremu zina watu, mwenye mali akakumbuka. Akaja mtu na mashine ya posi, kodi yote sasa inalipwa kwa kontrol namba, ile namba ya malipo ya serikali, moja kwa moja halmashauri, na kijiji kinaahidiwa kurudishiwa sehemu. Kilichowaokoa ni kwamba maji hayakuandikwa kwenye ile barua ya majengo, tanki na mifereji viko kwenye muhtasari wa AMCOS kama mali ya wanachama. Hakuna mwanasheria aliyewashauri, ni yule katibu wa AMCOS tu alitaka risiti zake za saruji zikae sawa kwa mkaguzi. Hela ya maji ndo inamlipa mlinzi mpaka leo.

Na hivi majuzi limezuka jipya. Watoto wameongezeka, shule mpya imeshajaa, na wadogo wa darasa la kwanza na la pili wa upande huu wanavuka barabara yenye malori ya kokoto. Afisa elimu anataka madarasa mawili yarudi yawe shule shikizi, yaani tawi dogo la ile shule mpya. Mkutano uliitwa tena, safari hii bibi wa bati alikaa mbele. Wamekubaliana chumba cha kubangulia kirudi kuwa darasa na cha cherehani pia, fundi wa mashine na makelele yake ahamie jengo la pili, wanafunzi wapate maji bure, gulio libaki Jumamosi, na mtu asiguse mifereji. Mafundi cherehani wamegoma kuhama mpaka warudishiwe kodi waliyotanguliza, na mpaka naandika hapa haijarudi, maana kontrol namba inajua kupokea, kurudisha haijui.